Fleksi, alukobondi au herufi za kusimama? Linganisha haya kabla hujamtafuta fundi wa bango

Mimi bango langu la kwanza nilianza kama wengi tunavyoanza, nikapiga picha ya ukuta, nikaituma WhatsApp kwa mafundi watatu na maneno haya tu: "nataka bango zuri hapa mbele, liwake na usiku, unafanya bei gani?" Majibu yakaja. Wa kwanza bei ya chini kabisa, wa pili karibu mara mbili yake, wa tatu mara nne. Nikamuona yule wa tatu mwizi wa mchana kweupe, nikamchukua wa kwanza. Imepita muda mrefu ndo nikaja kujua hakuna aliyekuwa ananipiga, wa kwanza alinipa bei ya fremu ya chuma iliyovalishwa fleksi (turubai lililochapwa), wa pili alukobondi (paneli ya alumini) yenye stika juu, wa tatu herufi za akriliki (plastiki ngumu) zenye taa ndani. Vitu vitatu tofauti kabisa na mimi nimekaa nalinganisha namba.

Kwa hiyo hapa nitalinganisha vitu vyenyewe kwanza, mafundi watafuata.

Anza ng'ambo ya barabara

Kabla hujafikiria material toka nje uende usimame pale mteja wako anapokuwa akiwa bado hajakuona. Kuna hesabu moja watu wa mabango wanaitumia sana, kila sentimita 2.5 ya kimo cha herufi inasomeka vizuri kwa umbali wa kama mita 3. Mteja akiwa mita 15 unahitaji herufi za sentimita 12 na nusu, akiwa mita 30 ni sentimita 25. Mbali zaidi ya hapo bado anaweza kuisoma ila anaanza kukodoa macho, na mtu anayepita na shughuli zake hakodoi macho kwa ajili yako.

Sasa kama wateja wako wanapita na gari hesabu ni kali zaidi. Gari la kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo herufi zinazosomeka kuanzia mita 50 zinampa dereva sekunde 3 hivi, na hapo anaangalia barabara pia. Sekunde 3 zinatosha jina na neno moja la unachouza. Hazitoshi namba tatu za simu, email, orodha ya huduma kumi na picha ya mwenye biashara ametabasamu. Hivyo vyote vina mahali pake, ni mlangoni kwa anayesogea.

Nilichofanya mara ya pili, nilichapisha herufi za jina moja moja kwenye karatasi za A4, nikaunganisha mpaka zikafika kimo nilichokuwa nakitaka, nikazibandika ukutani na selotepu halafu nikavuka barabara. Aibu kidogo, watu wanakuangalia. Ila pale pale niligundua nguzo ya umeme inakula herufi mbili za katikati ukiwa unatokea upande wa kushoto, kitu ambacho kwenye dizaini ya kompyuta hukioni hata siku moja, kwa sababu dizaina anakuwekea bango kwenye picha iliyopigwa uso kwa uso na ukuta, na hakuna mteja anayekuja uso kwa uso na ukuta. Rudi pia jioni na saa jua linapokuwa kali, uone kivuli kinaangukia wapi na jua linapiga upande upi.

Fleksi dhidi ya alukobondi

Hapa ndo wengi wanakwama kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fleksi ni turubai la plastiki lenye nyuzi ndani, linachapishwa kwenye mashine kubwa halafu linavutwa kwenye fremu ya skwea paipu. Uzuri wake ni bei, haraka, na mashine nyingi zinachapa upana unaofika mita 3 kwa hiyo bango kubwa linatoka kipande kimoja bila maungio. Na ukibadilisha jina au ofa unabadilisha nguo tu, fremu inabaki. Ubaya wake ni jua. Rangi zinachuja (mara nyingi nyekundu na njano zinatangulia, bluu na nyeusi zinabaki, ndo maana unaona mabango ya zamani yote yamekuwa ya kibluu), turubai linalegea, linaanza kupiga piga na upepo, na likishaanza kupiga piga kona moja itachanika tu.

Halafu kuna fleksi mbili na usipouliza huambiwi. Iko ya kumulikwa kwa mbele na iko ya kupitisha mwanga ambayo inakaa kwenye boksi la taa. Ukiwekewa ile ya kwanza kwenye boksi la taa, mchana inapendeza, usiku inawaka mabaka mabaka na vyuma vya fremu vinaonekana kama mbavu. Ya kwangu ilikuwa hiyo. Fundi alivyoulizwa akajibu, "bosi, mbona mchana ulisema imetoka vizuri?" Na kweli nilisema.

Alukobondi ni bati mbili nyembamba za alumini zilizobana plastiki katikati, unene wake mara nyingi ni milimita 3 au 4. Inasimama imenyooka, haipigi piga, inaoshwa na kitambaa, na hata ikiwa tupu bila taa inaonekana biashara imekaa. Sasa ujanja uko hapa: karatasi mbili zote zinaweza kuitwa za milimita 4, moja ina ngozi ya alumini ya nusu milimita na nyingine ina ngozi nyembamba hata ya sehemu moja ya kumi ya milimita, katikati kote kumejazwa plastiki. Ukiziangalia kwa mbele ni zile zile. Ya pili ukiiegemea na kiwiko inabonyea, na ikikunjwa pembeni inapasuka. Kwa hiyo usiulize "ni alukobondi ya milimita ngapi" peke yake, uliza alumini yenyewe ina unene gani, na umwambie akuletee kipande ushike.

Jambo jingine ni maungio. Karatasi nyingi zinakuja mita 1.22 kwa 2.44, bango la mita 4 lazima liwe na ungio mahali fulani. Muulize linaangukia wapi kabla hajakata, maana ungio likipita katikati ya herufi ya jina lako utaliona kila siku asubuhi mpaka uhame. Na muulize kama kingo atazikunja kwenda nyuma iwe kama trei au atapigilia bapa na skrubu zionekane kwa mbele. Zote zinaitwa alukobondi kwenye kotesheni, bei haziwezi kuwa sawa.

Kama bango linapanda juu ya ghorofa, uliza plastiki ya ndani ni ya kawaida au ni ile ya kuzuia moto. Jengo la Grenfell Tower kule London lililoungua 2017 na kuua watu 72 lilikuwa limevalishwa paneli za aina hii zenye plastiki ya kawaida katikati. Bango juu ya mlango mmoja chini si kitu kile kile na kuvalisha jengo zima, lakini kuuliza ni bure.

Kwa maoni yangu fleksi ichukue kama mkataba wa pango ni mfupi, au jina lenyewe bado hujalizoea, au unajua utabadilisha kabla rangi haijachuja. Ukishajua utakaa hapo miaka, alukobondi inarudisha hela yake kwa kukupunguzia kupanda ngazi.

Stika inayobandikwa juu ya alukobondi nayo ina mambo yake. Kuna vinaili ya kawaida inayotengenezwa kwa kubanwa kwenye rola, na hiyo ina tabia ya kutaka kurudi ilikotoka, baada ya muda inajivuta na pembeni panabaki mstari wa gundi unaoshika vumbi. Ya kumiminwa haijivuti hivyo, ni ghali zaidi, na kazi yake hasa ni kwenye mikunjo kama ubavu wa gari. Kwa ukuta bapa ile ya rola iliyo nzuri inatosha, ilimradi juu yake kuwe na laminesheni ya kukinga jua. Ukiona kotesheni haina neno laminesheni, andika.

Herufi za kusimama: zenye taa au zisizo na taa?

Herufi za akriliki au za chuma zinapendeza kuliko vyote nilivyotaja, hilo silipingi. Lakini watu wanazichagua kwa kuona picha ya hoteli kubwa halafu wao ukuta wao una mita moja na nusu. Herufi ikiwa ndogo mguu wake unakuwa mwembamba, taa hazikai ndani, fundi anaishia kuweka chache na unapata herufi yenye doa linalowaka katikati na giza kwenye ncha. Fonti za mwandiko wa mkono ndo balaa zaidi. Kama nafasi yako ni ndogo, herufi zisizo na taa zikimulikwa na taa mbili za nje zinashinda herufi zenye taa zilizolazimishwa.

Ile ya mwanga kutokea nyuma, herufi nyeusi na ukuta unang'aa kuizunguka, inataka ukuta wa rangi nyepesi usiometameta. Ukiweka juu ya vigae vya kung'aa au alukobondi ya kioo utaona vitaa vyenyewe vimejipanga kama shanga.

Akriliki pia inatanuka na joto kuliko watu wanavyodhani. Kipande cha mita 2 joto likipanda nyuzi 30 kinaongezeka kama milimita 4. Fundi akitoboa tundu linalobana skrubu kamili, hakina pa kwenda, kinapasuka kuanzia kwenye tundu. Ukimuuliza fundi kuhusu hili na akakujibu bila kufikiri kwamba anatoboa kubwa kuliko skrubu, huyo ameshawahi kulipia makosa yake.

Neon nitaipita haraka. Ile ya kioo chenye gesi ambayo Georges Claude aliionyesha Paris 1910 inatumia volti maelfu, inataka fundi wake maalum. Inayouzwa siku hizi kwa jina hilo mara nyingi ni mkanda wa LED ndani ya silikoni, volti 12, nzuri kwa ndani ya duka, watu wapige picha. Kama bango kuu la nje mimi nisingeitegemea.

Na kuchora ukutani kwa brashi msikudharau jamani. Hakuna fremu ya kuanguka, hakuna taa ya kuungua, upepo hauna pa kushika, na mchoraji mzuri mkono wake una uhai ambao kompyuta haitoi. Ukuta uwe mkavu na hauna chumvi tu, ukiona rangi ya sasa inabanduka banduka basi tatua unyevu kwanza.

Stika za matundu kwenye kioo, zile za ndani unaona nje na wa nje hakuoni, kumbuka zinafanya kazi kwa sababu nje kuna mwanga kuliko ndani. Usiku ukiwasha taa inageuka, wa nje wanakuona vizuri tu na picha yako inafifia.

Vitu vya ndani ambavyo kotesheni inavificha

Taa. Uliza idadi ya moduli (vile vipande vidogo vya taa za LED) na wati za kila moja, halafu pawa saplai, yaani kile kifaa kinachoshusha umeme wa ukutani uwe volti 12, ni ya wati ngapi. Mfano moduli 80 za wati 1.2 ni wati 96. Pawa saplai haitakiwi kukaa imelemewa, watu makini wanaitumia mpaka asilimia 80 tu ya uwezo wake, kwa hiyo hapo unahitaji ya wati 120 kwenda juu. Wa bei rahisi atakuwekea ya 100 kwa sababu 96 "inaingia". Inaingia kweli, na inachemka kila usiku mpaka siku inakata. Kuhusu umeme wenyewe usiogope sana, wati 100 kwa saa 12 ni uniti 1.2 kwa usiku.

Maji. Boksi langu la kwanza nililifungua baada ya mvua, lilikuwa na maji vidole viwili chini, wadudu wakavu wameelea, waya umelala humo humo. Pembeni palikuwa pamezibwa na silikoni vizuri kabisa, tatizo ni kwamba maji yakishapata pa kuingia hayakuwa na pa kutokea. Tundu dogo upande wa chini lingemaliza habari. Moduli za nje ziwe IP65 angalau (IP ni kipimo cha kuzuia vumbi na maji), na kama kuna mahali maji yanaweza kutuama omba IP67. Uliza pia pawa saplai itakaa wapi, mimi sasa naitaka ndani ya jengo mahali naifikia bila ngazi, japo isiwe mbali sana maana volti 12 zinachoka njiani na herufi za mwisho zinafifia.

Upepo. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kama kilo 48 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo bango la mita 4 kwa 1 linabeba karibu kilo 190. Hiyo ni kama uzito wa watu wazima watatu kwa pamoja, juu ya uzito wa bango lenyewe. Halafu mtu anakufungia na skrubu za plagi ya plastiki kwenye plasta. Uliza linashikwa na nini na ukuta wenyewe ni wa nini, tofali tupu la ndani wazi halishiki boliti kama zege linavyoshika.

Kampuni moja au kugawa kazi?

Kampuni moja inayofanya kila kitu ni ghali, na mara nyingine ukichunguza nayo inatuma kazi kwa wengine na kuweka cha juu. Lakini unanunua jambo moja la maana, likiharibika unampigia mtu mmoja. Kugawa, yaani dizaina huku, mchapishaji kule, mchomeleaji, fundi umeme, unaokoa hela ya kuonekana, ila siku haliwaki fundi umeme anasema maji yaliingia kwa mchomeleaji, mchomeleaji anasema mchapishaji alileta fleksi fupi ikabidi avute, na wewe umeshika simu katikati.

Msimamo wangu ni huu. Bango lisilo na umeme, gawa bila wasiwasi kama una muda wa kusimamia. Likishakuwa na taa na maji ya mvua kwa pamoja, lipa kampuni moja.

Ila dizaini mimi naitoa nje kila wakati, hata nikimpa mtu mmoja kazi yote. Sababu ni faili. Ukidizainiwa "bure" na mwenye kuchapa, faili linabaki kwake, na mwaka kesho unataka kuchapa tena inabidi umrudie yeye au uanze upya kutoka kwenye picha ya simu. Lipa dizaina, chukua faili la vekta ambalo linakuzwa bila kuvunjika, na namba za rangi zako zilizoandikwa. Rangi ya kwenye simu ni mwanga na ya kwenye fleksi ni wino, ile chungwa inayowaka kwenye skrini ikichapwa inaweza kutoka imepooza, kwa hiyo omba kipande kidogo kilichochapwa kwenye material ile ile kabla ya kuchapa lote.

Karatasi moja, wote wajibu hiyo hiyo

Mara ya pili sikutuma picha peke yake. Niliandika karatasi moja: vipimo vya ukuta nilivyopima mwenyewe kwa futi kamba, umbali wa msomaji, kimo cha herufi, material pamoja na unene, taa ngapi na za aina gani, ukuta ni wa nini, umeme unatokea wapi, nani analeta ngazi na jukwaa, nani anashusha bango la zamani na kuziba matundu yake (hili la matundu hakuna anayelikumbuka), na nani anashughulikia kibali. Kibali kifuatilie mapema, sehemu nyingi mamlaka ya mji inataka ikubali kabla hujapandisha na zipo zinazotoza kwa ukubwa, na mwenye nyumba naye akupe ruhusa ya maandishi ya kutoboa ukuta wake. Bango likishatengenezwa halafu ukaambiwa punguza nusu mita, hiyo nusu mita ni yako.

Gerenti nikaomba waitenganishe, taa muda gani, pawa saplai muda gani, rangi kuchuja muda gani, kufungwa kwake muda gani. Maana "gerenti mwaka mmoja" ukiuliza vizuri unakuta ni ya taa tu, na wakija kuibadilisha unalipia ngazi. Malipo nikayaweka mafungu matatu, la kununulia vifaa, la bango likiwa limekamilika karakana nimeliona limewashwa, na la mwisho baada ya kuliangalia likiwa juu, usiku. Msimalizane mchana.

Safari hii bei zilikaribiana, ya juu na ya chini hazikuachana hata robo. Niliyemchagua hakuwa wa chini. Ndiye pekee aliyenipigia kabla ya kutoa bei, akauliza kama ule ukuta ni tofali la ndani wazi, akaja kugonga gonga mwenyewe na kifundo cha kidole kisha akabadilisha mpango wa kufunga, akashusha fremu ikae kwenye mkanda wa zege. Niliishia na alukobondi, herufi za akriliki zisizo na taa, na taa mbili za nje kwa juu. Lile fremu la zamani sikulitupa, tulilitoboa chini, tukalipiga redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu), liko ubavuni kwa ajili ya fleksi za ofa, na safari hii ni ile inayopitisha mwanga.